UZI: Kunyooshwa mgongo na shingo kunasaidia mtu asiyumbe? Tujadili kairopraktiki, balansi na namna mwili unavyojijua

Fundi wa Viungo aliandika:

Wakuu, salaam. Wazee wangu humu ndani, shikamooni.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam. Siku hizi nakutana sana na watu wanaouliza kitu kilekile: "Nikienda kunyooshwa mgongo, hii hali ya kuyumbayumba itakwisha?" Wengi wameona video mtandaoni: mtu analazwa, anazungushwa shingo, kiungo kinaalika kwa sauti, anainuka anasema mwili umekuwa mwepesi na anasimama wima. Wengine wana mama au baba nyumbani anayeanguka, na wameambiwa walipie vipindi vya mwezi mzima vya kunyoosha uti wa mgongo. Jambo hili linaniuma, maana mzee akianguka akavunjika nyonga, nyumba nzima inabadilika. Kwa hiyo naandika kwa kirefu. Maswali nitajibu kadiri nitakavyoweza.

Tuanze na mwili wenyewe.

Fumba macho, halafu gusa ncha ya pua yako kwa kidole. Umeipata bila kuiona. Mwili una habari zake za ndani kuhusu mkono uko wapi, goti limekunjwa kiasi gani, kichwa kimeinama upande gani. Mwingereza Charles Sherrington, mtafiti wa mfumo wa fahamu, aliipa hisia hiyo jina la propriosepsheni mwaka 1906. Mimi humu nitaiita hisia ya mkao. Inatoka kwenye vihisi vidogo vilivyomo ndani ya misuli, kwenye kano na kwenye viungo. Msuli ukivutika kidogo tu, vihisi vile hutuma taarifa kwenye uti wa mgongo na kupanda mpaka kwenye ubongo.

Ukiwa umesimama, ubongo unapokea taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na hisia ya mkao inayopanda kutoka nyayo, vifundo, magoti, nyonga, mgongo na shingo. Ubongo mdogo ulioko kisogoni unazilinganisha. Zikikubaliana, unasimama bila hata kufikiria. Zikipingana, unayumba, au unapata kizunguzungu.

Kama unadhani hisia ya mkao ni kitu kidogo, msikilize Ian Waterman. Mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka 19 anayefanya kazi ya kukata nyama kwenye kisiwa cha Jersey, aliugua ugonjwa wa virusi. Alipotoka humo alikuwa amepoteza hisia yote ya mguso na ya mkao kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake haikupooza, nguvu ilikuwepo. Lakini hakuweza kukaa wala kusimama, kwa sababu mwili wake haukumwambia tena miguu iko wapi. Alijifunza upya kila tendo kwa kutumia macho: auangalie mguu, aupange, ausogeze. Akafika mahali akatembea. Ila taa zikizimika ghafla chumbani, anaanguka. Huyo ndiye binadamu aliyebaki na macho na sikio la ndani bila ile sehemu ya tatu.

Sasa shingo. Misuli midogo ya chini ya kisogo, ile inayounganisha fuvu na pingili mbili za juu, ina vihisi vingi sana kwa kila gramu kuliko karibu misuli yote mingine mwilini. Ipo sababu. Macho na masikio yote yamebebwa na kichwa, na kichwa kinageuka juu ya kiwiliwili. Sikio la ndani likisema "tumeinama", ubongo lazima ujue: umeinama mwili wote, au kichwa peke yake? Jibu linatoka shingoni. Watafiti wakiweka kifaa kinachotetema kwenye misuli ya nyuma ya shingo ya mtu aliyesimama kafumba macho, mwili wake unaanza kuegemea mbele. Hakuna aliyemsukuma. Vihisi vimedanganywa, na ubongo umejaribu kurekebisha kosa ambalo halipo.

Hapo ndipo kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha uti wa mgongo na shingo kwa mikono, inapoingia, na ndiyo sababu sitaki watu waikejeli wala waiabudu. Anayegusa shingo na mgongo anagusa chanzo halisi cha habari za balansi. Swali ni anabadilisha nini, na kwa muda gani.

Nipumzike kidogo, naendelea.

Fundi wa Viungo aliandika:

Sehemu ya pili.

Tiba hii ilianzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Septemba 1895 Daniel David Palmer alimsukuma pingili ya mgongo Harvey Lillard, mhudumu wa usafi aliyekuwa na shida ya kusikia, na ikasemekana usikivu ulirudi. Palmer akajenga juu ya hapo nadharia kwamba karibu magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama kidogo na kubana mishipa ya fahamu. Mpaka leo utasikia mtu anakuonyesha picha ya eksirei na kukwambia "pingili yako imetoka, ndiyo maana unayumba". Mwaka 2010 Baraza Kuu la Kairopraktiki la Uingereza, yaani chombo chenyewe kinachowasimamia watoa tiba hao, lilitamka kwamba dhana ile ni ya kihistoria na haina ushahidi wa kitafiti wa kuwa chanzo cha magonjwa. Kwa hiyo ukiambiwa pingili imetoka na inarudishwa mahali pake, uliza maswali.

Na ule mlio? Mwaka 2015 timu ya Greg Kawchuk katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, ilimwingiza mtu mkono kwenye mashine ya MRI na kuvuta vidole vyake mpaka vikaalika, huku wakirekodi picha. Walichoona wakati wa mlio ni uwazi wa gesi unaotokea ghafla ndani ya ute wa kiungo pale mifupa miwili inapoachana. Hakuna mfupa uliorudi mahali. Mlio mkubwa haumaanishi tiba kubwa, na kipindi kisicho na mlio hakijaharibika.

Wapo watafiti wa kairopraktiki walioiacha nadharia ya zamani na kushika nyingine, na hii inastahili kusikilizwa. Heidi Haavik na wenzake wa Auckland, New Zealand, wanasema hivi: sehemu ya mgongo isiyosogea vizuri inafanya misuli midogo ya ndani itume taarifa zisizo sahihi, ubongo unazoea taarifa hizo mbovu, na kusukumwa kwa haraka kwa kiungo kunawashtua vihisi na kuusaidia ubongo usome upya. Mwaka 2007 Haavik na Bernadette Murphy walichapisha jaribio ambamo walipima jinsi ubongo unavyopokea ishara za umeme kutoka mkononi, kabla na baada ya shingo kunyooshwa. Ishara zilibadilika kweli. Zilibaki zimebadilika kwa wastani wa dakika 20 hivi.

Dakika 20, wakuu. Naomba mlishike hilo.

Halafu mwaka 2016 kukatoka utafiti wa Kelly Holt na wenzake, hukohuko Auckland. Walichukua wazee 60 wanaoishi majumbani kwao, nusu wakapewa huduma ya kairopraktiki kwa wiki 12, nusu wakaendelea na huduma zao za kawaida. Waliotibiwa waliboreka katika kukijua kifundo cha mguu kiko kwenye pembe gani, na katika kasi ya kuchagua hatua: taa ikiwaka, kukanyaga mahali sahihi. Kasi hiyo iliongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtu akijikwaa, muda huo ni mwingi. Ndani yake unaweza kupeleka mguu mbele na kujishika.

Mimi naupenda utafiti ule, na bado nasema una mapungufu makubwa. Watu 60 ni wachache. Kundi la pili halikupewa tiba ya kuigiza, kwa hiyo hatuwezi kutenganisha kazi ya kunyooshwa na kazi ya kuguswa, kusikilizwa, na kutoka nyumbani kwenda kliniki mara kwa mara. Kuanguka kwenyewe hakukuwa ndiyo kipimo. Walipima vitu vinavyohusiana na kuanguka. Na waliofanya utafiti wanatoka kwenye chuo kinachofundisha kairopraktiki. Sisemi walidanganya. Nasema anahitajika mtu mwingine, mahali pengine, aurudie.

Weka hilo kando ya hili. Mwaka 2019 taasisi ya Cochrane, inayokusanya na kuchambua tafiti za tiba, ilitoa mapitio yaliyoongozwa na Cathie Sherrington wa Sydney (jina limegongana tu na la yule mzee wa 1906). Walikusanya majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mazoezi yalipunguza idadi ya kuanguka kwa asilimia 23. Hapo tunazungumzia wazee kuanguka chini kweli, wala hatuhesabu milisekunde. Na mazoezi yaliyofanya vizuri ni ya balansi na ya kazi za kila siku: kuinuka kwenye kiti, kukanyaga huku na kule, kusimama kwa mguu mmoja.

Msimamo wangu, baada ya kusoma na kushika migongo ya watu: kunyooshwa kunaweza kupunguza maumivu ya kiuno au shingo, na kunaweza kufungua kidirisha kifupi ambamo mwili unasikika vizuri zaidi. Kusimama imara kunajengwa na kurudiarudia. Anayekuuzia cha kwanza bila cha pili anakudhulumu, hata kama mikono yake ni hodari.

Karibuni.

Mama Zuhura aliandika:

Kaka Fundi, ahsante sana, Mungu akulipe. Mama yangu yuko Tanga, ana miaka sabini na kitu. Akijigeuza kitandani upande wa kulia, chumba kinamzunguka, anashika godoro kwa mikono miwili, kama nusu dakika hivi, halafu kunatulia. Akiinua kichwa kuchukua kitu kabatini, vilevile. Jirani amesema ana shingo iliyobana, apelekwe kwa mtu wa kunyoosha. Tayari tumeulizia bei. Nifanye nini?

Fundi wa Viungo aliandika:

Dada Mama Zuhura, pole na kuuguza. Simuoni mama kwa hiyo sisemi ndicho. Ila kizunguzungu cha sekunde chache kinachokuja kichwa kikibadili mkao, hasa kujigeuza kitandani na kuangalia juu, kinafanana sana na tatizo la kawaida mno la sikio la ndani. Mle ndani kuna punje ndogo za kalsiamu. Kazi yake ni kutusaidia kujua chini ni wapi. Zikibanduka zikaingia kwenye mojawapo ya mifereji mitatu ya sikio, kila kichwa kikigeuka zinatembea na kuudanganya ubongo kwamba mwili unazunguka.

Shingo haina kosa hapo. Kumnyoosha hakuzitoi punje. Kuna kipimo kinaitwa Dix-Hallpike: mgonjwa anakalishwa kitandani, kichwa kinageuzwa upande mmoja, analazwa kwa haraka, mpimaji anayatazama macho yake. Yakicheza kwa namna fulani, tatizo limejulikana, na upande pia. Kisha anafanyiwa mzunguko wa Epley, uliobuniwa na daktari John Epley wa Portland, Oregon. Kichwa kinageuzwa polepole hatua kwa hatua, kila hatua inangojewa, mpaka punje zirudi zilikotoka. Hakuna kuvuta, hakuna mlio. Watu wengi wanapona kwa kikao kimoja au viwili.

Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, au mtu wa fiziotherapia anayekijua kipimo hicho. Kipimo ukitaje kwa jina. Na kwa sasa, asiamke usiku peke yake kwenda chooni bila taa.

Nyangumi wa Feri aliandika:

Mkuu umeandika vizuri lakini mnatutisha. Mimi kinyozi wangu kila nikimaliza kunyoa ananikanda mabega, ananishika kidevu, krak kulia, krak kushoto. Nakaribia miaka kumi. Nikitoka pale najisikia mtu mpya, hata kichwa kinakuwa chepesi. Kwani kuna tofauti gani na huyo daktari wa kizungu anayechukua laki?

Fundi wa Viungo aliandika:

Mkuu Nyangumi, hapa nitakuwa mkali kidogo, na ni kwa sababu najali.

Ndani ya pingili za shingo, kulia na kushoto, kuna mishipa miwili ya damu inayopanda kulisha sehemu ya nyuma ya ubongo, ikiwemo ule ubongo mdogo wa balansi tuliousema. Juu kabisa mishipa hiyo inapinda kona kali kuingia kwenye fuvu. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na kwa ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika. Damu inaganda pale, na donge likipanda, mtu anapata kiharusi. Ni jambo la nadra, nakubali. Ila likimpata mtu, linampata mtu wa miaka thelathini aliyeingia saluni akiwa mzima.

Na tofauti ipo. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2005 linataka anayeanza kusomea kairopraktiki apate saa zisizopungua 4,200 za masomo. Afrika Kusini inafundishwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban na Chuo Kikuu cha Johannesburg, mpaka shahada ya uzamili. Mtu wa namna hiyo anapaswa kukuuliza kuhusu presha, dawa za kuzuia damu kuganda, mifupa dhaifu, ajali za nyuma, kichwa kuuma kwa namna mpya. Kuna watu atakataa kuwagusa shingo. Kinyozi wako hakuulizi, na hawezi kujua amuulize nini nani. Hata hivyo, na huyo aliyesoma, mshipa ni uleule. Ndiyo maana mimi binafsi napendelea shingo isogezwe taratibu bila kuzungushwa kwa ghafla.

Mwambie kinyozi aishie mabegani. Kukandwa misuli ni jambo zuri sana, na ule wepesi unaoupenda sehemu kubwa unatoka hapo.

Na ukiona mojawapo ya haya baada ya kuvutwa shingo, usiende kulala ukisubiri kesho: maumivu makali mapya ya shingo au kisogo, kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, uso kufa ganzi, kuyumba kama mlevi. Nenda hospitali moja kwa moja, na uwaambie shingo ilivutwa.

Nyangumi wa Feri aliandika:

Aisee. Hilo la kona ya mshipa sikulijua. Nimekuelewa, nitamwambia aishie mabegani.

Baridi ya Minnesota aliandika:

Habari zenu ndugu zangu. Niko Marekani, kazi yangu ni ghala la mizigo, kuinama na kuinuka usiku kucha. Huku kairopraktiki ni kitu cha kawaida, bima yangu inalipia vikao kadhaa kwa mwaka. Naenda kwa ajili ya kiuno. Nataka kuthibitisha alichosema Fundi kuhusu muda. Nikitoka pale nahisi nyayo zimekanyaga chini sawasawa, hata kuvaa soksi nimesimama kwa mguu mmoja inakuwa rahisi. Ikifika usiku katikati ya zamu, hali inarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo najiuliza, ni akili yangu tu inanidanganya, au kuna kitu kweli?

Fundi wa Viungo aliandika:

Ndugu Baridi, kitu kipo. Kwanza maumivu. Kiuno kinachouma kinaifanya misuli ya mgongo ikaze yote kwa pamoja, unasimama kama mti mkavu, na misuli iliyokaza hivyo haitoi taarifa safi. Maumivu yakipungua hata kwa saa chache, mwili unalegea na unaanza kujirekebisha kidogokidogo kama inavyotakiwa. Pili ni lile la vihisi kushtuliwa. Tatu, umelala pale mtu anakugusa pingili moja baada ya nyingine, na akili yako yote imehamia mgongoni. Kuuelekeza umakini kwenye sehemu ya mwili kunaifanya isikike zaidi. Hiyo ya tatu wala usiione ni udanganyifu. Ni nusu ya kazi yote ninayofanya mimi kliniki.

Ushauri wangu: zile saa mbili tatu za mwanzo zitumie. Ukifika nyumbani simama mguu mmoja karibu na meza, macho wazi. Ukiweza, geuza kichwa polepole kulia na kushoto huku umesimama hivyohivyo. Kisha fanya kuinama kwa nyonga mgongo ukiwa umenyooka, kama unavyopaswa kuinua boksi, polepole, ukisikiliza uzito uko kisiginoni au vidoleni. Kila siku, hata siku usizokwenda kwake. Na muulize huyo anayekutibu akupangie mazoezi. Wazuri wanapanga. Akikujibu kwamba mazoezi hayahitajiki, njoo tu kila wiki, basi umeshamjua.

Omosh wa Kisumu aliandika:

Boss, shukrani kwa hii elimu. Mimi niliangushwa na bodaboda, shingo ikaumia ile ya kurushwa mbele na nyuma. Hospitali walinipiga picha wakasema hakuna mfupa umevunjika, wakanipa dawa nikaenda. Maumivu yamepungua lakini nikitembea sokoni kwa watu wengi nahisi ni kama ardhi inasonga. Masikio walipima, yako sawa. Hii inaweza kuwa shingo? Na swali lingine: hawa mama zetu wanabeba mtungi kichwani kutoka ziwani na hawamwagi hata tone, hawajawahi kuona daktari wa mgongo. Siri yao ni gani?

Fundi wa Viungo aliandika:

Pole sana ndugu Omosh. Kama masikio yamepimwa na hatari nyingine zimeondolewa, ndiyo, shingo inaweza. Baada ya kuumia namna hiyo, vihisi vya misuli ile midogo vinaweza kutuma taarifa zisizolingana na macho wala sikio. Sokoni kila kitu kinasogea, macho hayana pa kushika, kwa hiyo ubongo unaitegemea shingo, na shingo ndiyo iliyochafuka.

Kuna kipimo unachoweza kukifanya nyumbani, kilichotokana na kazi ya Michel Revel wa Ufaransa mwaka 1991. Chukua tochi ya kichwani, ile ya kuvaa kwenye paji la uso, yenye mwanga mwembamba. Kaa kwenye kiti, kichwa kiwe umbali wa sentimita 90 kutoka ukutani. Tazama mbele kwa utulivu, weka alama ya chaki pale mwanga ulipogonga. Fumba macho. Geuza kichwa kulia taratibu mpaka mwisho, kisha kirudishe pale unapoamini ni katikati. Fumbua macho. Mwanga uko wapi? Rudia mara kadhaa, kila upande, uchukue wastani. Ukikosea alama kwa zaidi ya sentimita 7, ambayo ni kama nyuzi 4.5, shingo yako haijui vizuri iko wapi.

Uzuri wake ni kwamba kipimo hicho ndicho pia dawa. Fanya hivyohivyo kila siku kwa dakika chache: fumba, geuka, rudi, fumbua, sahihisha. Ubongo unajifunza kutokana na kosa unaloliona. Baadaye chora nane iliyolala ukutani uifuate kwa mwanga. Kizunguzungu kikizidi, punguza kasi, usilazimishe. Hapa mtu wa kusogeza pingili za shingo kwa upole anaweza kusaidia pia, hasa maumivu, ila baada ya ajali hutakiwi kumruhusu mtu akuzungushe shingo kwa ghafla.

Kuhusu mama zetu, umenifurahisha kuwataja. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kikikuyu na Kijaluo wanaobeba mizigo. Waligundua kwamba wanaweza kubeba mpaka sehemu moja ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada wakitembea. Ulikuwa utafiti wa nguvu mwili unazotumia, lakini unaonyesha mwili uliofunzwa unafika wapi. Binti anaanza na kikopo, halafu kibuyu, halafu ndoo, miaka nenda miaka rudi, njia ya mawe, miguu peku. Kila hatua nyayo, vifundo na shingo vinasomeshwa. Nasema hivyo bila kuisifia adha yenyewe. Wengi wao wana maumivu ya shingo, na maji ya bomba ni haki yao.

Mzee Kibwana aliandika:

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote. Nina miaka 76, natumia dawa za presha na sukari. Sijawahi kunyooshwa na mtu. Ninachoona ni kwamba asubuhi nikinyanyuka kitandani nayumba hatua mbili tatu, na usiku gizani miguu siiamini, kama nakanyaga sufi. Mwanangu anataka kunilipia hiyo tiba ya mgongo huko mjini. Je, nikubali?

Fundi wa Viungo aliandika:

Shikamoo mzee Kibwana. Ahsante kwa kuandika waziwazi namna hii, umewasaidia wengi wasiothubutu kuuliza.

Mzee wangu, fedha ya mwanao kwanza itumike kwingine. Umetaja mambo mawili tofauti. La kuyumba ukinyanyuka linaweza kuwa presha inashuka ghafla unaposimama, na dawa za presha huchangia. Waombe wakupime presha ukiwa umelala, halafu umesimama, baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Usiache dawa mwenyewe. Daktari ndiye atapunguza au kubadili saa za kumeza. Kila asubuhi kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha vifundo mara kadhaa, ndipo usimame.

La kukanyaga sufi gizani linaashiria nyayo. Sukari ya miaka mingi hula mishipa ya fahamu ya miguu, na hapo taarifa kutoka chini hupungua, unabaki unategemea macho. Ndiyo maana gizani hujiamini. Waombe wakuguse nyayo kwa uzi wa nailoni na wakupime mtetemo kwenye kidole gumba cha mguu. Kama unatumia metformini, ile dawa ya sukari, kwa muda mrefu, waulize pia kuhusu upungufu wa vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipunguza vitamini hiyo mwilini, na dalili za upungufu wake zinafanana. Hakuna pingili inayonyooshwa ikarudisha hisia za nyayo zilizoliwa na sukari.

Cha kufanya nyumbani: weka kiti kizito chenye mgongo kikiegemea ukuta. Inuka bila kushika mara tano, pumzika, rudia. Kisha simama nyuma ya kiti, shika kwa mikono miwili, weka mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kiguse vidole, hesabu hadi kumi. Ukizoea, shika kwa mkono mmoja. Ukizoea tena, vidole viwili tu. Mjukuu awe karibu. Macho yasifumbwe, hilo ni kwa walio imara. Vaa kiatu chenye soli nyembamba inayoshika, achana na kandambili, na weka taa ndogo njia ya chooni.

Baada ya vipimo hivyo, kama kuna maumivu ya mgongo yanayokuzuia kufanya mazoezi, tuzungumze kuhusu mtu wa kukukanda na kukusogeza mgongo kwa upole. Mwanao akuletee majibu ya presha ya kulala na kusimama, uyaweke humu au uniandikie pembeni, tuanzie hapo.

Mzee Kibwana aliandika:

Marahaba mwanangu. Jumatatu ni siku ya kliniki yangu ya sukari. Nitawaambia wanipime nikiwa nimelala na nikiwa nimesimama. Hilo la uzi wa nailoni nimeliandika kwenye karatasi nisisahau.